Mkasi wa Mayuri

Saa nne asubuhi uchochoro wa soko la Sampheng haupitiki. Watu wanakwenda ubavu ubavu, wasukuma mikokoteni wanapiga kelele "Miguu! Miguu!", na vibanda vya vifungo na shanga vimetoka nje mpaka katikati ya njia. Humo ndimo Mayuri alimompata Khing, na alimpata kwa nywele.

Hakukusudia. Mayuri alikuwa fundi wa nguo za michezo ya televisheni, na siku hiyo alibeba begani jora la lesi ya dhahabu. Alipogeuka kumjibu muuza vifungo, lesi ikanasa nywele za msichana aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa mwembamba, gauni la njano, viatu vyeupe vilivyokwisha kuchafuka.

"Aa! Aa! Dada, nywele zangu!"

"Simama hivyo hivyo. Ukivuta, lesi itachanika."

"Lesi! Kichwa changu kinang'oka, wewe unaililia lesi?"

"Kichwa kitaota nywele nyingine. Lesi hii ndiyo ilikuwa ya mwisho dukani."

Msichana akacheka, akacheka mpaka mkokoteni ukakwama nyuma yao na mwenyewe akaanza kugomba. Mayuri akashika mkasi mdogo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa utepe mwekundu. Aliangalia nywele, akaangalia lesi. Akakata lesi.

"Unaitwa nani?" aliuliza, huku akichambua nyuzi za dhahabu kutoka nyuma ya sikio la mgeni.

"Khing."

"Tangawizi? Ndiyo maana unawasha."

"Hujanionja, umejuaje?"

Mayuri, mwanamke wa miaka thelathini na moja, akajikuta anachambua nyuzi ambazo zilikwisha kutoka zamani.

Miaka mitatu ikapita. Wakawa wanaishi pamoja upande wa Thonburi, ng'ambo ya mto, chumba cha juu kinachotazama mfereji, cherehani dirishani na viatu vya Khing kila mahali. Khing, aliyekuwa akipewa sehemu za kupita na sinia nyuma ya waigizaji wakubwa, sasa alikuwa mkubwa mwenyewe. Walimpa mchezo wa wasichana wawili wapendanao, jina lake *Nitakukuta Jana*. Daktari wa leo, ndiye Khing, anajitanda shali ya hariri aliyoikuta kwenye sanduku kuukuu, anasinzia, anaamka miaka mia moja nyuma, na huko anampenda binti wa nyumba kubwa. Kila akitaka kurudi kwao, binti anamshika shali.

Shali hiyo aliishona Mayuri, usiku na mchana, siku kumi na moja. Hakujua kwamba anashona kitu cha kumpeleka mpenzi wake kwa mwanamke mwingine.

Mwanamke mwingine huyo, aliyecheza binti wa nyumba kubwa, aliitwa Kaewta, mweupe, mcheshi, mwenye vishimo mashavuni. Mashabiki waliwapenda yeye na Khing kama wapenzi wa kweli. Waliyaunganisha majina yao kwenye mabango, wakawavika mashada ya maua, wakapiga mayowe kila waliposhikana mikono. Na kampuni iliwataka washikane mikono. Juu ya hayo, kila asubuhi aliyemvisha Kaewta ni Mayuri.

"Dada Mayuri, leo umenibana, sipumui."

"Wanawake wa enzi hizo hawakuwa na habari ya kupumua."

"Hee! Dada una maneno!" Kaewta alicheka bila ubaya wowote. "Hebu niambie, Khing anaogea sabuni gani? Jana tulipokumbatiana nimebaki na harufu yake mpaka nyumbani."

Mayuri aliijua sabuni hiyo. Yeye ndiye aliyeinunua. Pini ikateleza ikamchoma Kaewta begani.

"Ai!"

"Samahani, mdogo wangu. Mkono umeteleza."

Haukuteleza. Yeye alijua, na Mwenye kuona mioyo alijua.

Alhamisi moja Mayuri alikwenda kununua vitambaa, na huku nyuma yakafanyika mazoezi ya harusi ya kale, ile ya wapenzi kufungana uzi mweupe mkononi. Mtu akarekodi kwa simu. Jioni mji mzima ulikuwa unamtazama Kaewta akimfunga Khing uzi, na Khing akilia. Chini yake mashabiki wameandika: *Haya si maigizo, wamefungana kweli.* Mayuri aliitazama video hiyo mara arobaini. Alikuwa anatafuta chozi la uongo, na hakuliona.

Kesho yake Khing akapiga simu akiwa kwenye gari.

"Mpenzi, sikupata muda wa kukuaga. Nina kazi ya matangazo, mjini Khon Kaen. Siku mbili tu."

"Na nani?"

"Na watu wa kampuni."

"Watu wa kampuni wana majina."

"Dada jamani! Unanihoji kama nimepita taa nyekundu."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu. Kula vizuri. Usikae na njaa kwa sababu sipo."

Mayuri alimwendea mama Somjit, mwenye daftari la ratiba. "Matangazo?" mama Somjit akashangaa. "Hakuna matangazo mpaka mwezi ujao. Mbona hata Kaewta kaomba ruhusa siku hizo hizo? Ati jino."

Jino! Mayuri alirudi nyumbani akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Jumamosi mchana hakuvumilia, akapiga yeye. Simu ilipopokelewa alisikia wanawake wengi wanacheka, na jogoo akiwika.

"Huyo jogoo naye yuko kwenye matangazo?"

"Dada... nitakueleza nikirudi."

"Nani anacheka?"

"Nikirudi, roho yangu. Mtandao huku—"

Ikakatika. Mayuri akaitazama simu kama imemtemea mate.

Jumapili aliamka kabla ya jua kama kawaida, akapika wali, akashuka kuweka chakula katika mabakuli ya watawa. Alipiga magoti akaomba moyo wake upoe. Akapanda ngazi, na moyo haukupoa. Saa mbili Khing akaingia, nywele zimejaa vumbi la basi, mkononi kikapu cha mianzi, usoni furaha ya mtu anayeficha zawadi. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa na uzi mweupe.

"Dada, keti kwanza. Nina jambo."

"Jino la Kaewta limepona?"

"Jino gani?"

"Utaniambia wewe. Nipe mkono."

Khing akatabasamu, akautoa. Alidhani atashikwa. Mayuri aliingiza ncha ya mkasi chini ya uzi, akakata.

Hakuna mtoto wa nchi ile asiyejua kwamba uzi wa baraka haukatwi kwa chuma. Unakaa siku tatu, kisha unafunguliwa kwa vidole, polepole, na anayefungua anaomba mema. Mayuri alijua tangu hajaota meno. Ila alikumbuka aliposikia *kacha*.

Khing aliinama akauokota uzi, akaukunja ndani ya kitambaa.

"Siku ile Sampheng," alisema, "ulikata lesi."

Akavaa vile viatu vyake akatoka. Kikapu kikabaki sakafuni.

Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipoita, namba ngeni.

"Ndiye Mayuri wewe?" Ilikuwa sauti ya bibi kizee, lafudhi nzito ya kaskazini mashariki. "Yai umekula?"

"Yai... gani, bibi?"

"Hee! Mjukuu wangu hajakupa yai? Limo kikapuni! Ule wewe nusu, yeye nusu, ndiyo baraka yenu. Na uzi wako umo humo, nimeufunga fundo mwenyewe."

Mayuri akapiga magoti mbele ya kikapu. Yai la kuchemsha, ndizi mbili, wali wa kunata ndani ya jani, na uzi mmoja mweupe, mrefu, haujafungwa mkono wa mtu.

"Bibi," alisema. "Ule wa Khing nimeukata."

"Kwa vidole?"

"Kwa mkasi."

"Mkasi wa chuma?"

"Wa chuma, bibi."

Jogoo aliwika huko Kalasin, kijijini kwa bibi, jogoo yule yule.

"Ebo! Ulikuwa na nini kichwani?"

"Wivu."

"Wivu wa nani?"

"Nilidhani amefungwa na mwanamke mwingine."

"Mwanamke mwingine ni mimi hapa!" bibi akafoka. "Na majirani zangu sita! Mtoto amekuja amepiga magoti mlangoni, nikadhani kafiwa. Kutwa nzima hasemi. Mpaka nilipomtishia kumnyima chakula ndipo akasema ana mtu wake, mtu mwenyewe mwanamke, fundi, mkali kama pilipili. Nikamwambia ukali siuogopi, niambie kama anaamka mapema. Akasema anaamka kuwapa watawa chakula, hakosi hata siku ya mvua. Nikamwambia basi, ita majirani."

"Mbona hakuniambia anakuja kwako?"

"Aliogopa nitakataa. Alisema nikikataa, aumie yeye peke yake, wewe usijue."

Mayuri akalia, kilio cha kelele, bila aibu. Bibi alimwacha amalize.

"Nifanye nini, bibi?"

"Uzi uliokatwa sina dawa yake. Panda basi, uniletee huo mkono wako. Na mkasi uje nao."

Jumatatu alfajiri alipanda basi. Alasiri alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mbao ya bibi, kazungukwa na majirani sita wanaomkagua kama ng'ombe wa mnadani. "Mbona mwembamba?" aliuliza mmoja. "Wivu umemla," akajibu mwingine, wakaangua kicheko. Bibi aliuchukua mkasi, akaunyunyizia maji ya maua, akamrudishia.

"Huu hauna kosa. Vaa."

Kisha akauita moyo wa Mayuri urudi nyumbani, kwa maneno ya kale, akamfunga uzi. Simu ikalia. Kulikuwa na simu kumi na mbili ambazo hakuzipokea, zote za mtu mmoja.

"Uko wapi?" Khing alikuwa anahema. "Vazi la Kaewta limeanguka mara tatu, hakuna anayejua kulifunga. Mama Somjit anasema hujaomba ruhusa. Nimerudi nyumbani, hupo. Uko wapi, na nani?"

Mayuri aliutazama mkono wake. "Niko mbali kidogo. Nimeshikwa mkono."

"Umeshikwa na nani?"

"Na mwanamke mmoja. Mzuri. Ana meno manne."

"Mayuri, usinitanie! Nani anacheka hapo? Wanawake wangapi hao?"

"Saba."

"Saba!"

Jogoo akawika. Upande wa pili Mayuri akasikia pumzi inayokatika katika.

"Huyo jogoo namjua," Khing alisema.

"Na yeye anakujua. Khing, nisamehe. Sina la kujitetea. Nilikuona umefungwa, nikasahau kukuuliza umefungwa na nani."

"Na mimi nilikudanganya. Nilitaka nije na jibu zuri tu."

"Siku ya mazoezi ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa namwona Kaewta ananifunga, nawaza kwamba wewe hujawahi kunifunga. Ndiyo maana kesho yake nikaondoka."

Bibi akanyakua simu. "Nyie watoto, siku hizi ofisi ya wilaya si inawaandikisha ndoa wanawake wawili? Mnangoja nini?"

"Bibi!" Mayuri akairudisha simu sikioni, uso umemwiva. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nataka niombwe na wewe, si na bibi."

"Khing. Twende ofisi ya wilaya, tuandikishwe, mimi na wewe."

"Lini?"

"Inafunguliwa saa mbili na nusu."

"Saa si siku, dada."

"Ijumaa."

"Nitavaa nini?"

"Swali gani hilo unamuuliza fundi?"

Jumatano Mayuri alirudi kazini. Kaewta alikuwa amekaa kwenye kiti, shavu la kulia limevimba kama ameficha limau, kitambaa chenye barafu kimefungwa kidevuni.

"Jino?" Mayuri aliuliza.

"Limeng'olewa, dada. Ijumaa yote nimelia."

Mayuri alimvisha taratibu, hakuna pini iliyoteleza. Alipofika kwa Khing, alitoa uzi mpya aliopewa na bibi. "Bibi kasema huu nikufunge mimi." Akaufunga kwenye mkono wa kushoto, mahali pa ule wa kwanza, fundo moja, la pili, la tatu. Khing aliinamisha kichwa kama yuko hekaluni.

Kamera zikawaka. Daktari wa leo aliamka katika enzi ya jana, binti wa nyumba kubwa akamwendea.

"Simamisha!" mwongozaji akapiga kelele, kofia imemwendea upande. "Huo uzi mkononi wa nini? Hii ni siku wanayokutana, hawajafungana bado! Mayuri! Lete mkasi, kata!"

Watu wote wakageuka. Mkasi ulikuwa pale pale shingoni, kwenye utepe mwekundu. Mayuri alitembea mpaka kwenye taa. Khing alimtazama, hakuuficha mkono, wala hakuutoa.

"Siukati," Mayuri alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema siukati, bwana mkubwa."

Akafungua sanduku la mapambo ya kale, akachagua bangili pana ya dhahabu, akaipitisha kwenye vidole vya Khing mpaka ikakaa juu ya uzi ikaufunika wote.

"Bado una wivu?" Khing alinong'ona.

"Ninao mwingi. Mwambie Kaewta, akikushika, ashike mkono wa kulia."