Chupa za Chai za Mama Marlène

Kila asubuhi, kabla ya kumwamsha mwanawe Pitshou, Reine alichemsha maji na kujaza chupa moja ya chai. Aliipiga picha mezani. Saa sita mchana aliifungua na kupiga picha ya pili, mvuke ukipanda. Picha zote mbili aliziweka mtandaoni, na chini yake akaandika, "Orijino." Wateja walipiga simu kutoka Kibuli na hata mbali zaidi, na boda boda ikawapelekea chupa zao. Hivyo ndivyo Reine alivyoilisha nyumba yake hapo Kisugu, mtaa wa Kampala.

Chupa alizichukua kwa Mama Marlène, mwenye duka dogo Nakivubo. Hakuwahi kumwomba risiti. Angeombaje? Alipofika Kampala kutoka Bukavu, mtoto mgongoni, Mama Marlène ndiye aliyemfungulia mlango. Alilala kwake miezi minane. Katika kanisa lao la Wakongo, akina mama wengine nao walichukua chupa kwake na kuziuza kwa simu. Kumwomba mtu kama huyo karatasi kungekuwa kama kumwita mwizi.

Alhamisi moja mtu mwenye tai alimletea bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya mawakili wa kampuni inayotengeneza chupa zile. Walisema chupa anazouza Reine zinaonekana kuwa bandia, zimebandikwa jina la kampuni bila ruhusa. Walimtaka aache kuziuza, awakabidhi zilizobaki, aseme alikozipata, na alipe fidia. Walimpa siku saba. Asipojibu, wangempeleka mahakamani.

Mkimbizi akisikia neno mahakama, huwaza kwanza kufukuzwa nchini. Reine akakimbilia kwa Mama Marlène.

Mama Marlène aliisoma barua mara mbili. Hakukasirika. Alisema hiyo ni vita ya adui, na dawa yake ni kufunga na kuomba pamoja kwa siku tano. Aliiweka barua ndani ya Biblia ya Reine na kumwambia asiitoe mpaka maombi yaishe. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akamwagiza afute kwenye simu ujumbe wote wa biashara yao, adui asipate pa kushika.

Reine alifuta. Alifunga. Alipiga magoti mpaka yakavimba.

Siku ya tano jirani yake Anena alimkuta amekaa mlangoni, midomo imemkauka. Anena alikuwa Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, mke wa polisi, na karani katika ofisi inayowasaidia watu mambo ya sheria bila malipo. Alizoea kumtania.

"Mama Pitshou, mnavyoomba nyinyi Wakongo, Mungu analala saa ngapi?"

Reine hakucheka. Aliitoa barua kwenye Biblia. Anena alitazama tarehe kwanza, na utani ukamwisha.

"Umekaa na hii siku tano?"

"Nilikuwa naiombea."

"Omba, dada. Hata mimi naomba. Lakini hawa wanangoja jibu, na wewe umebakiwa na siku mbili."

Akakaa kando yake, akamweleza taratibu. Wapo matapeli wanaotunga barua kama hizo ili kutisha watu, kwa hiyo kesho asubuhi wangehakikisha kama mawakili hao wamesajiliwa. Barua ya madai si hukumu, wala si amri ya kumfukuza mkimbizi. Ila kuinyamazia ndiko kunakoleta kesi. Kutojua kwamba mali ni bandia hakumwondolei mtu lawama yote, lakini kunasaidia, mradi awe na cha kuonyesha. Aache kuuza leo hii. Asizitupe chupa zilizobaki. Tena asitie sahihi karatasi yoyote kabla wakili wa ofisi yao hajaisoma.

"Una risiti?"

"Sina."

"Basi ujumbe wa simu, mlivyokuwa mnaagizana."

"Nilifuta. Mama Marlène aliniambia nifute."

"Na aliyekuuzia ni nani?"

Reine akajifunika uso kwa kitenge. Siku tano alikuwa amepiga magoti kando ya mtu aliyekuwa akijiokoa mwenyewe.

"Wewe umefuta," Anena alisema. "Kampuni ya simu haijafuta."

Kesho yake walithibitisha kwamba mawakili wale ni wa kweli. Kisha wakaenda ofisi ya kampuni ya simu. Kwa kuwa Reine alilipa kwa simu kila mara, walimchapishia orodha nzima ya malipo yenye tarehe, na jina la Mama Marlène likiwa kwenye kila ukurasa. Kilichobaki ni kuliandika katika jibu. Kabla ya hapo, Reine alikwenda Nakivubo kumwambia ana kwa ana.

"Ulijua, mama?"

Mama Marlène aliendelea kupanga chupa. "Niliuziwa rahisi, sikuuliza. Mtoto wako nimemwogesha kwa mikono hii, Reine. Leo unanipeleka kwa mawakili?"

"Twende tujibu pamoja. Anena atatusaidia sote wawili."

"Toka dukani kwangu."

Siku ya saba jibu lilikuwa tayari. Reine alisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Alipofika kwenye jina lile alilia, lakini hakulifuta. Chupa zilizobaki alizikabidhi kwa maandishi. Wiki tatu baadaye mawakili walijibu: aahidi kwa maandishi kutouza tena chupa hizo, na fidia hawataidai. Kesi haikuwapo.

Kanisani walisema amemuuza mama yake. Jumapili watu walihama benchi lake. Kila jioni alimwombea Mama Marlène. Sasa anauza mabeseni. Hununua penye risiti tu, na neno orijino haliandiki kwa kitu asichojua kilikotoka.

Mwezi uliofuata Marie-Jeanne, mmoja wa wale akina mama waliochukua chupa kwa Mama Marlène, aliingia kwa Reine kwa mlango wa nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhama benchi. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Mama Marlène anasema tufunge kwanza," alisema bila kumtazama.

Reine aliipokea barua, akatafuta tarehe.

"Una siku tatu," alisema. Akavaa viatu, akaenda kumgongea Anena.