Kikohozi Ndani ya Kabureta

Fundi alizima injini, akachomoa ufunguo, kisha akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, mazoea tu ya miaka thelathini. Injini iliyozimwa haivuti hewa. Hii ilivuta. Ilikishika kiganja chake, ikakinyonya, na ilipokiachia ikakohoa.

Kikohozi hicho alikijua. Kilikuwa cha shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyezikwa miaka sita iliyopita.

Gari lilikuwa la mwalimu mstaafu, kuukuu kuliko wote waliowahi kulisukuma. Lilikuwa limepoteza nguvu. Fundi alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akapima kila silinda, na kila kitu kilikuwa kizima. Hata hivyo likipanda kilima cha mtaani lilikata pumzi palepale, mbele ya kijiwe cha chai, si hatua mbele wala nyuma. Wazee wa kijiweni walishaanza kumcheka. Mganga aliitwa, akafukiza ubani boneti zima, akasikiliza, akafunga mkoba wake.

"Lililomo humu halina ugomvi na gari, fundi," alinong'ona. "Limekuja na kesi. Mwenye kesi anajijua."

Alijijua, tena sana. Zamani yeye na shemeji walifanya kazi pamoja kwenye gereji hii, na kila mmoja alikuja na matambara yake, yaliyochanwa kutoka nguo kuukuu za nyumbani kwake. Siku moja gari hilihili liliharibika kwa sababu mtu alisahau tambara kwenye njia ya hewa. Fundi ndiye aliyelichomoa, akalitambua, na kabla mwenye gereji hajafika akalitia moto na kusema lilikuwa la shemeji. Shemeji akafukuzwa. Kijiweni wakambandika jina Tambara, na hakupata kazi tena hadi anakufa. Fundi naye alimwita hivyo, akacheka na wenzake, mwanaume mzima.

Mchana mkewe alimletea chakula, akasimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Nani anakohoa?"

"Injini, mama watoto."

"Injini haikohoi kama kaka yangu."

Harufu ya nguo inayoungua ikajaa gereji, na mdomoni mwa kabureta ukachungulia uzi wa bluu, na fundi, ambaye hakutaka hata kuutazama, aliuona mkono wake mwenyewe ukiuvuta, ukaja uzi, ukaja upindo, yakaja maua ya njano, ukaja mkono mzima wa gauni, wenye joto na unyevu kama kitu kilichotoka kifuani mwa mtu, na kila alipovuta, zile pumzi za ndani zikaenda kasi zaidi, mpaka kitambaa kikaisha na gereji ikawa kimya.

Mkewe alikichukua. "Gauni langu hili. Nilikupa mwenyewe uchane." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka aliniapia si yeye. Nikamwambia asimsingizie mume wangu."

"Nisamehe."

"Mimi si kijiwe. Kawaambie wao," alisema, akaingia kwenye gari, akakaa kiti cha abiria.

Fundi akashika usukani, akawasha. Lilipanda likihema, likazima palepale, mbele ya kijiwe. Wazee wakacheka. Fundi akatia ufunguo mfukoni, akashuka, aibu imempanda hadi masikioni.

"Lile tambara la zamani," alianza, "lilisahaulika tu, sote tulikuwa na haraka..."

Ndani ya boneti kitu kikakohoa. Vikombe vikatulia hewani.

"Nililisahau mimi," akasema. "Nikamsingizia shemeji yangu. Mlipomwita jina lile, lilikuwa langu."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake injini ikawaka yenyewe, ufunguo ungali mfukoni mwake, ikanguruma kwa nguvu ambazo hajawahi kuzisikia kwenye gari lile, na likapanda kilima chote bila dereva, mkewe amepakata kitambaa, hakugeuka kumtazama. Kileleni likakata kona ya kwenda makaburini.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Tambara," aliita polepole.

Fundi akamgeukia.

"Naam," akaitika.