Albamu ya Pili ya Ngaire

Jumamosi asubuhi soko la stesheni ya Dunedin lilifurika watu, na Ngaire Tamihana alikuwa akigombea mkate wa mwisho na mwanamume mrefu aliyevaa koti la sufu la kijani.

"Nimeushika mimi kwanza," alisema Ngaire.

"Umeshika karatasi, dada. Mkate ninao mimi." Kisha akamtazama vizuri: buti nyekundu, nywele zilizofungwa kwa kamba ya kiatu. "Ala! Si wewe mwimbaji wa bendi ya Chumvi na Kutu? Basi chukua. Nikuongeze na siagi?"

Mwanamume huyo, Fergus Haldane, alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mjini. Mkate waliula pamoja, na kabla majira ya baridi hayajaisha, mswaki wake ulikuwa nyumbani kwa Ngaire.

Albamu ya kwanza ya bendi ilikuwa makelele matamu ya magitaa. Katika ya pili Ngaire alitaka piano, sauti ya chini, na shangazi zake wawili wakiitikia kwa Kimaori. Ilipotoka, mashabiki waligawanyika. Mhakiki wa Auckland aliisifu bila kubakiza neno. Yule wa Wellington aliiita uji wa mgonjwa. Kwenye onyesho la uzinduzi, nusu ya ukumbi ilitoka kabla ya wimbo wa nne. Fergus ndiye aliyesema hewani, "Hii ni kazi bora ya mwaka." Ngaire aliyashikilia maneno hayo kila alipotukanwa.

Mwezi mmoja baadaye, alimkuta Fergus jikoni akizungumza kwa simu, mgongo kuelekea mlangoni.

"Ningesema nini, kaka? Ni mpenzi wangu. Ukweli albamu yenyewe nimeisikiliza mara moja tu, tena sikuimaliza."

Ngaire aliweka funguo mezani kwa kishindo. Fergus akageuka na kuishusha simu.

"Laazizi, ngoja nikueleze..."

"Usiniite laazizi! Hukuimaliza?"

"Nilitaka kukulinda. Watu walikuwa wanakurarua."

"Aliyeniita uji alinisikiliza mpaka mwisho, Fergus! Alitaja hata pumzi niliyoikata kwenye wimbo wa saba. Wewe unalala kitandani kwangu, hujafika wa saba!"

"Nisamehe."

"Chukua mswaki wako."

Fergus alipiga simu kwa siku kumi na tisa. Ngaire hakupokea hata moja. Alipofanya mazoezi alipiga piano kwa hasira mpaka mpiga besi akamwomba aende nje akapunge upepo.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, alikuwa kwenye gari, mtaa wa pili kutoka studio ya redio, akisubiri mvua ipungue, redio imewashwa.

"Wasikilizaji," ilisema sauti ya Fergus, "niliisifu albamu ambayo sikuwa nimeisikiliza mpaka mwisho. Niliwadanganya ninyi, na nikamdanganya aliyeiimba. Sasa nimeisikiliza kila siku. Wimbo wa tatu ni mrefu mno. Wa tano, piano inamfunika mwimbaji. Wa saba nimeshindwa kuusikiliza nikiwa nimesimama; ilibidi nikae."

Ngaire akabonyeza namba ya studio kana kwamba anamtoboa mtu jicho.

"Mrefu kwa nani?"

"Ngaire, tuko hewani."

"Najua! Ndiyo maana nimepiga. Mrefu kwa nani?"

"Kwangu. Ubeti wa mwisho unarudia yale uliyokwisha kusema."

"Shangazi zangu ndio wanaourudia, mjinga wewe! Ni jibu!"

"Basi sauti zao ziko chini. Sikuzisikia."

Ngaire mwenyewe alikuwa amebishana na fundi mitambo wa kurekodi juu ya jambo hilo hilo, akashindwa.

"Toka hapo ushuke mlangoni," alisema, na kukata.

Fergus aliweka wimbo hewani na kushuka, akamkuta Ngaire kwenye ngazi za studio, koti lake limelowa, macho makali.

"Bado nimekasirika."

"Naona."

"Sijamaliza. Redioni usinitaje tena, kwa sifa wala kwa lawama. Lakini nyumbani usinifiche unachokisikia, hata kwenye noti moja ya wimbo. Unaweza?"

"Naweza. Ila utanirushia vitu."

"Nitakurushia." Alimshika mkono kwa nguvu, kama anayemkamata. "Haya, wimbo wa tano. Piano inanifunika wapi?"

"Toka mwanzo, mpenzi."

"Mwongo!" alifoka Ngaire, na hakumwachia mkono.