Kibodi ya Pili

Kompyuta ya Bi Asia pale Kasulu ilianza kwa kukataa herufi. Anabonyeza, haiandiki. Akinyanyuka kuchungulia mvua, nyuma yake kioo kinaandika chenyewe, herufi mojamoja, bila haraka.

Mwaka ule wa tisini na nane, duka lake la uchapaji ndilo pekee lenye kompyuta mtaa mzima. Mumewe, Hilali, aliileta kwa lori kutoka Kigoma, akafariki hata hajaizoea. Watoto hawakujaliwa. Arobaini ilipopita wageni nao wakapotea, kila mtu na lake, akabaki Bi Asia anapika ugali wa mtu mmoja. Na ugali wa mtu mmoja, jamani, hata kuusonga unachosha.

Akamwita Marselino, fundi wa Kibondo aliyezoea kutengeneza kompyuta za ofisi za wakimbizi. Akafika mchana, viatu vimejaa tope jekundu, jenereta linanguruma uani.

"Mwakeye, mama," akamsalimu kwa Kiha. "Inasumbua nini?"

"Inaandika bila mimi."

Marselino akacheka. Fundi yule ukimwona anacheka, ujue hajaanza kazi. Akafungua mahali kompyuta inapoonyesha vifaa vilivyounganishwa nayo, akahesabu. Kibodi zilikuwa mbili. Akainama chini ya meza, akaufuata waya kwa vidole. Kibodi ilikuwa moja tu, ile ya mezani.

"Imejiunganisha vibaya," akasema. "Inadhani ipo kibodi nyingine, na hiyo ndiyo inayoisikiliza. Ngoja niifute."

Akafuta, akazima, akawasha. Zikarudi mbili. Akafuta tena, na safari hii ikabaki moja: ile isiyokuwepo.

Ndipo wakaisikia. Tak. Tak tak. Ilitoka chumba cha nyuma alichokuwa akikaa Hilali, chumba kilichofungwa tangu siku ya maziko, na ilikuwa milio ya vidole viwili vizito vya mtu asiyejua kuchapa, vikitafuta herufi, vikisita, vikitafuta tena, na kwa kila mlio herufi ikatokea kwenye kioo, huku chini ya mlango ikipenya harufu ya udongo mbichi wa kaburi, mpaka Marselino akaichomoa kibodi ya mezani na kuikumbatia kifuani, na herufi bado zikazidi kuja.

"Mama," akanong'ona, "nani yumo mle?"

"Mume wangu," akajibu Bi Asia. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha fundi kuliko harufu.

Marselino akatoka mbio, akarudi na Shehe Ridhiwani, aliyemsalia Hilali jeneza. Shehe akasimama kizingitini, akaongea kwa sauti ya chini.

"Maiti harudi, binti yangu. Hilo ni jini, limejifunza vidole vya marehemu. Nikisoma sasa hivi litatoka. Lakini ukilikaribisha kwa kinywa chako, nawe unajua ni nini, halitatoka tena. Utakayetoka ni wewe, umebebwa."

Kioo kikaandika: asia njoo tukae.

Bi Asia akakisoma, tabasamu likamtoka. Hilali hakuwahi kumwita jina, hata siku moja. Kwao walikozaliwa mke na mume hawatajani majina, ni utovu wa adabu, alimwita "mwenzangu", na hata roho inamtoka alisema, "Mwenzangu, nipe maji."

"Si yeye," akasema, machozi yakimshuka. Uchungu ulikuwa uleule wa siku ya maziko.

"Umeliona mwenyewe," akasema Shehe. "Basi nianze."

Bi Asia alitazama barabarani, watu wakikimbia mvua, kila mmoja na kwake. Hawa wawili nao wataondoka wakalale kwa wake zao. Yeye atafunga mlango, atakoka moto, atakaa kimya mpaka asubuhi, na asubuhi vilevile. Alichoka, maskini, alichoka kabisa.

"Bi Asia," Shehe akamsihi, "sema neno, mama."

"Nendeni nyumbani," akasema kwa upole. "Mvua inazidi."

Kisha akaugeukia mlango wa chumba cha nyuma, akajifuta uso kwa khanga.

"Karibu," akasema.

Milio ikakoma. Mle ndani, kiti kikasukumwa nyuma.