Vigae Havishiki Kwenye Nta

Mtaani walimwita Mama Usafi, na jina lilimfaa. Kabla hajanywa chai, alikuwa ameshapiga magoti kwenye korido ya nyumba yake, kitambaa mkono mmoja, kopo la nta mkono mwingine. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu. Aliisugua mpaka mtu akiinama anaona meno yake.

Siku moja mama mkwe wake alikuwa akienda bafuni. Aliteleza kwenye korido hiyo hiyo, akavunjika nyonga. Majirani wakasema ni uzee. Mama Usafi hakuwabishia, lakini moyoni alijua ni nta yake.

Sasa bibi alikuwa ameshapasuliwa na kutibiwa. Alitoka hospitali, akaenda kupumzika kwa binti yake, na Jumamosi angerudi nyumbani, akitembea kwa mkongojo. Mama Usafi hakutulia. Alifungua dirisha, akalifunga. Alimimina chai, akaiacha ikapoa.

"Baba watoto, mama akianguka tena, hainuki," alimwambia mumewe. "Tuweke vigae. Korido na bafuni."

Mumewe alikuwa kinyozi, tena kinyozi hodari. Tatizo lake ni kwamba aliona kazi zote za dunia ni nyepesi kuliko kunyoa.

"Vigae ni kupaka na kubandika tu," alisema. "Nitaweka mwenyewe. Wewe nisafishie sakafu. Iwe safi kabisa."

Akaenda dukani, akachagua vigae vyeupe vinavyometameta kama kioo. Huku nyuma Mama Usafi akafagia, akapiga deki. Lakini kwake yeye, safi maana yake kung'aa. Kwa hiyo akamalizia na nta.

Kinyozi akarudi, akakoroga gundi ya vigae. Aliweka donge dogo kila pembe ya kigae, akabandika. Akaanza korido akiwa anapiga mluzi, na jioni akaimaliza.

"Umeona?" alisema. "Kesho bafuni."

Asubuhi Mama Usafi alikanyaga kigae cha kwanza, kikacheza. Akakanyaga kilichofuata, kikapasuka. Akaingiza ncha ya kisu chini ya kingine, nacho kikainuka bila ubishi, madonge yake yote yakiwa yameng'ang'ania mgongoni. Chini yake sakafu iling'aa vilevile.

Alitoka mbio kwenda kwa jirani, mguu mmoja una kandambili yake, mwingine una kiatu cha mumewe.

Jirani huyo alikuwa fundi wa vigae, mwanamke wa sauti kubwa na maneno mengi. Watu walimwita Bi Mwiko. Alikuja na ndoo yake ya vifaa, akasimama mlangoni, akaitazama korido.

"Shemeji," alimwambia kinyozi, "nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe," kinyozi alijibu kwa sauti ndogo.

Bi Mwiko akachuchumaa. Akagonga kigae kwa mpini wa mwiko. Kilitoa sauti ya debe tupu.

"Sikia. Katikati hakuna gundi. Umebandika pembe peke yake. Mtu akikanyaga katikati, kigae kinavunjika."

Kisha akakiondoa, akamwaga maji kidogo sakafuni. Maji hayakuingia kwenye saruji. Yalikaa juu yamejiviringa, vitone vitone.

"Hapa pana mafuta," alisema. "Mmepaka nini?"

"Nta," alisema Mama Usafi. "Ili pawe safi."

"Jirani, wewe usafi utakuua. Shemeji, mteja akija kichwa kimejaa mafuta, mashine yako inanyoa?"

"Hainyoi vizuri. Inateleza. Lazima kwanza nimwoshe."

"Basi sakafu ni kichwa. Gundi inataka kushika saruji yenyewe. Ukiweka juu ya nta, inaishika nta. Nta ikiachia, na kigae kinaondoka."

Mama Usafi alikuwa akizunguka nyuma yao, huku anakunja kitambaa na kukikunjua. "Sawa, tumeelewa. Tuoshe, tubandike. Jumamosi mama anakuja."

"Jumamosi hii?" Bi Mwiko alitikisa kichwa. "Haiwezekani."

"Nitakusaidia. Tutafanya haraka."

"Ukifanya haraka utaniita mimi tena, na yeye utampeleka hospitali tena. Sakafu ina mambo yake. Kwanza tuitoe nta yote, tena tuikwaruze, isiwe laini. Tuzibe mashimo, tungoje yakauke. Bafuni tupake dawa ya kuzuia maji, nayo ikauke. Tubandike, tungoje gundi ikamae. Tujaze mianya, tungoje tena. Nikikuambia Jumamosi, nitakuwa nimekudanganya."

Halafu akachukua kigae kimoja cheupe, akakilowesha, akakikanyaga kwa unyayo wake. Mguu ukaenda wenyewe.

"Na hivi si vya sakafuni. Ni vya ukutani. Vinang'aa, ndiyo, lakini si kila king'aacho ni dhahabu. Kingine ni hospitali."

"Nitavipeleka wapi sasa?" aliuliza kinyozi.

"Vilivyo vizima tutavibandika kwenye ukuta wa bafu. Sakafuni leta vyenye uso wa kukwaruza. Na usiniletee unachokipenda. Kigae kilowesheni maji pale pale dukani, mkipapase. Kikiteleza mkononi, mguuni kitateleza zaidi."

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko saruji. Mama Usafi alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akampigia mama mkwe wake.

"Mama, shikamoo. Naomba ubaki huko siku chache zaidi. Sakafu haijawa tayari."

"Marahaba. Siku chache tena?" Bibi aliguna. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nanyi zizi mnalifunga. Huku binti yangu ananiogesha kama mtoto mchanga. Mimi nataka kuoga mwenyewe, mlango umefungwa. Sina ombi lingine."

Mama Usafi akashindwa kujizuia. "Mama, haikuwa uzee. Ilikuwa nta yangu. Niliipaka asubuhi ile ile."

"Mwanangu, najua. Niliinusa kabla sijafika chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kuliko mimi niliyevunjika. Ningekuongezea nini? Tengeneza sakafu. Nitangoja."

Kazi ikaanza. Waling'oa vigae, wakakwangua nta, wakasugua kwa maji ya moto, sabuni na brashi ya waya. Mama Usafi alisugua kwa hasira, kama anayelipiza kisasi. Bi Mwiko akamwaga maji tena. Safari hii saruji iliyanywa. Ndipo akachukua tindo na nyundo, akaigongagonga sakafu mpaka ikajaa makovu. Mama Usafi aligeuka asione. Miaka yote aliilea ile sakafu, na sasa inapigwa mbele yake.

Mashimo yakazibwa. Bafuni Bi Mwiko aliweka pimamaji, chombo chenye kipovu kinachoonyesha kama mahali pamelala sawa. Alitengeneza mteremko mdogo kuelekea tundu la maji, ili maji yasituame. Kisha akapaka dawa.

"Imekauka?" Mama Usafi aliuliza.

"Ndiyo kwanza nimeinua brashi, jirani."

Siku ya kubandika, gundi ilikorogwa nzito. Bi Mwiko aliitandaza yote kwa mwiko wenye meno, ikatoka mistari mistari. Alikandamiza kigae, kisha akakibandua mbele ya kinyozi.

"Tazama mgongo wake. Gundi imefika kila mahali. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Kati ya kigae na kigae aliacha mwanya. Gundi ilipokamaa, akaijaza mianya kwa grauti, ule unga maalumu unaochanganywa na maji, ili uchafu na maji visipenye. Kisha akaweka kiti katikati ya mlango wa korido. Kiti hicho kilikuwa cha kumzuia Mama Usafi asikanyage kabla grauti haijakauka. Alikiruka kwa macho tu, kwa miguu hakuthubutu.

Bibi alirudi katikati ya juma lililofuata. Alishuka kwenye gari, akasalimia, akaomba taulo. Hata chai aliikataa.

Mama Usafi alimshika mkono kwenye korido.

"Niachie," alisema bibi.

Akamwachia. Mkongojo ukagonga kigae, mguu ukafuata, mkongojo tena. Vigae vilikuwa vya kijivu, havina mng'ao wowote, na havikutoa sauti ya debe. Bibi akaingia bafuni, akafunga mlango.

Mama Usafi akabaki nje. Akasikia maji yakimwagika. Akaweka sikio mlangoni. Maji yakakatika, akashika kitasa. Yakaanza tena, akaachia. Mumewe alimpungia mkono kutoka sebuleni aondoke pale, lakini hakumwangalia.

"Wewe mwanangu," sauti ya bibi ilitoka ndani. "Nasikia unavyohema. Nenda kakae. Mtu hawezi kuoga anasikilizwa."

"Uko salama, mama?"

"Nimesimama."

Mama Usafi akaenda sebuleni, akakaa.