Tundu la Tatu

"Wafanyakazi wote wa kaunta wanatangaziwa kwamba, kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, mkanda wa sare utafungwa kwenye tundu la tatu, si la pili wala la nne, ili ofisi iwe na sura moja mbele ya wateja. Atakayekiuka agizo hili atajieleza kwa maandishi."

Tangazo hilo lilikuwa na mhuri, sahihi mbili na nambari ya kumbukumbu. Lililetwa nyumbani kwa akina Sindano na mwanamke aliyefanya kazi pamoja na Mama katika ofisi ya vifurushi. Mama alikuwa na kichanga cha miezi miwili, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imebakiza wiki nne. Alilisoma tangazo mara mbili, akatoa mkanda wake kabatini, akajaribu kuufunga. Ulifika tundu la kwanza, nalo kwa kubana pumzi.

"Punguza kula, shoga," mwenzake alimshauri. "Asubuhi maji ya moto tu. Mchana na jioni vijiko viwili vitatu. Mimi ndivyo nilivyofanya, na unaniona."

Mshauri huyo hakuwa na mtoto wala cheti cha udaktari. Alikuwa na mkanda uliofika tundu la tano, ndilo la mwisho, na kwa watu wengi ushahidi wa namna hiyo hutosha.

Sindano alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake. Kila siku alipotoka shule alipeleka sahani ya Mama chumbani, akasubiri, kisha akairudisha jikoni ikiwa tupu. Jioni alifanya vivyo hivyo. Mpishi alikuwa Bibi, mama yake Mama, aliyekuja kumtunza mzazi. Alipakua bila ubahili: wali, maharage, mboga za majani, mayai mawili. Sahani iliporudi aliikagua kama mkaguzi wa ghala.

Siku ya tangazo Mama alikula vijiko vitatu, akamsogezea binti yake sahani.

"Malizia."

"Mama, mimi nimeshakula."

"Malizia, mwanangu. Na Bibi akiuliza, nimekula mimi. Nisipoenea kwenye ule mkanda watanitoa kaunta wanipeleke stoo nikabebe maboksi. Hii ni siri yetu, umenisikia?"

Sindano alimalizia. Kuaminiwa siri kulimfanya ajione mtu mzima, na hisia hiyo ilidumu siku mbili.

Baada ya hapo ilianza hofu. Kichanga kilinyonya, kikaachia titi, kikalia, kikarudi kunyonya, kikalia tena. Kilio chake kilikuwa kinazidi kuwa chembamba. Mikono ya Mama ilikuwa ya baridi hata mchana wa jua kali, na alipokunja nepi ilimbidi aketi baada ya kila mbili. Sindano akaanza kusimama nje ya mlango kabla ya kuingia na sahani, akisikiliza kama kuna mtu anayepumua ndani. Darasani aliandika tarehe ubaoni alipoagizwa, kisha akasahau alichotumwa kuandika chini yake. Akisema, Mama atapoteza kaunta. Asiposema, hakujua ni nini kitakachopotea, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Wakati huohuo yeye mwenyewe alinenepa. Sketi ya shule ilikataa kufunga, ikabidi ipelekwe kwa jirani, fundi cherehani.

"Jamani, sindano imekuwa mchi!" fundi alisema, akimzungushia futi kiunoni. "Kwani wewe ndiye unayenyonyesha?"

Wateja walicheka. Sindano hakucheka. Mzaha ule ulikuwa umekaribia mno ukweli.

Jumamosi ya wiki ya tatu, asubuhi, Mama alipiga magoti kando ya beseni akimwogesha mtoto. Sindano alisimama kando yake, ameshika taulo.

"Nipe ta—" Mama alisema, na neno halikumalizika.

Macho yake yalipanda juu. Vidole vyake vililegea kimoja kimoja. Mtoto aliteleza, maji yalifika kidevuni, kisha mdomoni. Sindano alitupa taulo, akamshika mtoto makwapani na kumvuta juu, mtoto akikohoa. Mama alianguka ubavu, ndoo ikapinduka.

"Bibi! Bibi njoo! Mama amekufa!"

Hakuwa amekufa. Bibi alimlaza chali, akamwinulia miguu juu ya mto. Baada ya muda ambao Sindano hakuweza kuupima, Mama alifumbua macho, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Kwenye zahanati walipokewa na muuguzi asiyependa maneno mengi. Alisikiliza kifua cha mtoto, akampima uzito, akatazama kadi yake.

"Wiki tatu, hajaongezeka hata gramu hamsini. Mama naye presha iko chini. Anakula vizuri?"

"Anakula, tena sana!" Bibi alijibu. "Sahani zinarudi nyeupe pe. Muulize mjukuu wangu huyu, yeye ndiye anayezibeba."

Wote walimgeukia Sindano. Mama, akiwa amelala kitandani, alitikisa kichwa kidogo. Sindano alimtazama mtoto. Kisha akayaona tena yale maji yakipanda kutoka kidevuni hadi mdomoni.

"Nilikuwa nakula mimi," alisema. "Mama anakula vijiko vitatu tu. Ni kwa sababu ya mkanda."

Bibi aliketi taratibu.

"Sahani zote hizo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mayai?"

"Na mayai."

Mama alijifunika uso kwa kanga, akalia. Muuguzi alimwacha alie, kisha akavuta kiti.

"Mama, mwili unaonyonyesha unafanya kazi ya watu wawili. Unahitaji chakula zaidi ya ulivyozoea, na maji kila ukisikia kiu. Ukiunyima, unaishiwa nguvu, na maziwa yanaweza kupungua. Tumbo hili limejengwa kwa miezi tisa. Huwezi kulibomoa kwa wiki tatu. Kula ushibe, tembea kidogo kidogo ukipata nguvu, uzito utashuka polepole. Leo tunapima na damu, tusije tukakisia. Na siri kama hii haibebeshwi mtoto."

Kisha akamgeukia Sindano.

"Na wewe. Siri inayomdhuru mtu haitunzwi. Unampelekea mtu mzima mwingine siku hiyohiyo, hata kama aliyekupa siri ni mama yako unayempenda. Umesema kweli leo, na umefanya vyema. Ungeisema wiki mbili zilizopita, lile beseni lisingewatisha."

Kuanzia siku hiyo Bibi aliketi chumbani hadi kijiko cha mwisho, kwa maelezo kwamba hamwamini mtu yeyote katika nyumba ile. Wiki iliyofuata mzani wa zahanati ulionyesha kwamba mtoto ameongezeka gramu mia mbili. Kilio chake kilirudi kuwa kinene, nacho kiliwakera majirani, jambo ambalo Sindano alilipokea kwa shukrani. Hata hivyo aliendelea kusimama nje ya mlango na kusikiliza kabla ya kuingia.

Tarehe mosi Mama alirudi kaunta, mkanda ukiwa tundu la kwanza. Alitakiwa ajieleze kwa maandishi, akaandika sentensi moja: "Nanyonyesha, na ninakula." Chini yake aliomba kina mama wanaonyonyesha wasihusishwe na agizo hilo.

Jibu lilifika baada ya siku kumi, lina mhuri na sahihi tatu.

"Soma," Mama alimwambia Sindano, mdomo umejaa maharage.

Sindano alilifungua, akasoma.

"Ofisi imepokea maelezo yako. Baada ya mashauriano ya kina, imeamuliwa kwamba matundu ya mkanda yatahesabiwa kuanzia upande wa kushoto. Agizo la tundu la tatu linabaki palepale."

Sindano aliyahesabu matundu matano ya mkanda wa Mama kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na la tatu lilikuwa lilelile; Mama akajiongezea maharage.