Nishikie Nafasi

Kama umewahi kupeleka gauni likapunguzwe kiuno, ukaambiwa ukweli mchungu kuhusu kiuno chenyewe, basi unamjua mtu wa aina ya Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wanawe alipowakasirisha. Mdomo wake haukuwa na pazia, lakini mkono wake kwenye sindano ulikuwa mwepesi kama pumzi. Haya yaliyompata tumeyasikia kutoka kwake na kwa shemeji yake, na hakuna kati yao anayefurahia kuyasimulia.

Fundi alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, aliyefundisha fasihi sekondari mpaka akastaafu. Huyo watu walimwita Mwalimu. Fundi alikuwa amemshonea nguo tangu wakiwa wasichana, na alizijua nambari za mwili wake kuliko za mwili wake mwenyewe. Bega la kushoto la Mwalimu lilikuwa limeshuka kidogo, kwa sababu ya kuanguka ngazini utotoni, kwa hiyo kila gauni lake lilikatwa chini kidogo upande ule. Asiyejua angedhani Fundi alikuwa amesinzia kazini.

Mwalimu hakuweza kustaafu akakaa kimya. Alikwenda maktaba akaomba ukumbi wa zamani wa kusomea, akatangaza maonyesho ya nguo za kale, kila nguo ipewe mhusika wake wa riwaya. Familia zikafungua masanduku. Likapatikana koti la karani mlevi, suti ya bwana harusi aliyetoroka, blauzi ya mama mkwe mkorofi. Fundi akaja na sanduku lake la nyuzi, akaziba matundu ya nondo, akavalisha midoli isiyo na vichwa iliyosimama kila mmoja juu ya mguu mmoja wa chuma.

"Huyu mama mkwe alikuwa na kifua kama mlango wa kabati," Fundi alilalamika, mdomo umejaa pini.

"Mwache, dada. Ana riwaya nzima ya kubeba."

Wakacheka mpaka mlinzi wa ukumbi akachungulia.

Ni katika kicheko hicho ndipo aliingia mzee mmoja nadhifu, suruali yenye mkunjo wa pasi, amebeba gauni mikononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Lilikuwa la hariri nzito, rangi ya majivu, na kola ya juu yenye vifungo vidogo.

"Lilikuwa la mke wangu," alisema. "Yeye na hiki kitabu hawakuachana."

Kitabu hakikuwa na jalada. Jina la mwandishi lilikuwa limechanika zamani. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, macho yanamng'aa.

"Nina ombi moja," mzee akasema. "Siku ya kufungua, mtu asome ukurasa huu nilioukunja. Asome kwa sauti. Na asimame karibu na gauni."

"Nitasoma mwenyewe, baba."

Mzee alimtazama usoni, halafu mabegani, halafu miguuni.

"Utafaa," akasema.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Watu walipita nguo kwa nguo, na mbele ya kila nguo mtu alisoma kipande cha riwaya yake. Zamu ya gauni la majivu ilipofika, Mwalimu alisogea mpaka mkono wake ukagusa mkono mtupu wa hariri. Ukurasa ule ulikuwa na wanawake wawili kwenye foleni ndefu, mbele ya lango lisilofunguliwa. Mwalimu alizibadilisha sauti, moja ya kuchoka, nyingine ya huruma, kama alivyozoea darasani.

"'Nimechoka kusimama, ndugu yangu. Njoo unishikie nafasi.'"

Akageuza shingo kidogo, akajibu:

"'Nimekuja. Nenda kapumzike.'"

Makofi yakapigwa. Fundi aliona pindo la gauni likitikisika, likatulia. Akasema moyoni ni feni. Baadaye alipokunja viti ndipo alipokumbuka kwamba feni zilikuwa zimezimwa, ili msomaji asikike.

Juma lile lile Mwalimu akaanza kulalamika miguu. Inauma, alisema, kama aliyesimama kutwa, na kumbe kutwa alikuwa amelala. Kisha mikono yake ikawa ya baridi. Mumewe, mtu mpole wa kutengeneza redio, alimfunika blanketi mbili juani na bado meno yake yaligongana. Hospitali wakampima damu, mkojo, moyo, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Hamu ya kula hakuwa ameipoteza. Alikula vizuri. Chakula hakikujua kinakwenda wapi.

"Dada, nipunguzie kiuno," alimwambia Fundi.

"Wenzako wanalipia huo ugonjwa," Fundi akamtania, akapunguza.

Siku chache mbele akampunguzia tena. Na tena. Mara ya mwisho alikuwa ameshika kitambaa mkononi kingi kuliko kilichobaki mwilini, na hakuwa na utani wowote.

Siku aliyoelewa ilikuwa siku ya kawaida ya kukagua nguo. Asubuhi, jua limeingia ukumbini mpaka katikati ya sakafu. Alifuta vumbi kwa karani mlevi. Akanyoosha kola ya mama mkwe. Alipofika kwenye gauni la majivu, kiatu chake kikakanyaga pini.

Akainama. Pini zilikuwa nyingi, zimetawanyika sakafuni. Ni zile alizokuwa amebana mgongoni mwa gauni alipolivalisha, kwa sababu lilikuwa pana mno kwa mdoli ule mwembamba. Sasa zote zilikuwa zimefyatuka. Na gauni halikuwa limelegea.

Lilikuwa limejaa.

Kifua kilikuwa kimejaa, nyonga zimejaa. Hariri ilikuwa imevutika kama inavyovutika juu ya mtu. Mdoli ulikuwa na mabega yaliyonyooka kama rula. Lakini bega la kushoto la gauni lilikuwa limeshuka. Kidogo tu.

Fundi alivua futi shingoni. Akazungusha kiunoni, akazungusha kifuani. Hakuhitaji kusoma. Futi ilisimama pale pale ilipokuwa ikisimama miaka yote. Akaweka kiganja mgongoni mwa gauni.

Lilikuwa na joto.

Nyumba ya mzee hakuitafuta sana; mlinzi alikuwa akimfahamu. Mzee alifungua mlango nusu. Kabla Fundi hajasalimia, akauliza:

"Ameshaanza kupoa?"

Fundi aliushika mlango kwa mikono miwili. "Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Sikumfanya kitu. Nilichoka kumsikia mke wangu." Alizungumza taratibu, kama mtu aliyetoka kuamka. "Miaka yote, mama. Ukipita karibu na kabati unamsikia. Miguu, miguu. Mimi mwenyewe nilimsomea ule ukurasa, naye akajibu, sikujua. Gauni tulilinunua kwenye mitumba."

"Na sasa?"

"Sasa amepumzika. Nyumba imetulia."

"Mtoe mdogo wangu. Niweke mimi."

Mzee alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu. "Huwezi kwenda bila kuitwa. Ni lazima aliyesimama akuite. Mke wangu alipomwona mdogo wako, aliita." Akausukuma mlango polepole. "Wote huita. Huchoka, mama. Utaona."

Fundi alirudi ukumbini mchana. Watu walikuwa wameenda kula, na mlinzi akamfungulia bila maswali. Alikuwa amekwisha kuamua. Kukata asingekata, mtu hakati kitu asichokijua. Lakini kufumua ni kazi nyingine. Fundi hufumua mshono, kitambaa kikabaki kizima, kila kipande kikarudi kilikotoka. Ndivyo alivyojiambia. Akachukua wembe wake mdogo, akaanza begani, upande wa kushoto.

Uzi wa kwanza ukatoka. Wa pili. Mshono ukafunguka kama mdomo.

Simu ikalia.

"Shemeji!" Mume wa Mwalimu alikuwa akihema. "Njoo. Anapiga kelele. Anasema bega. Bega la kushoto, linaachana. Mimi sioni kitu, shemeji, ngozi ni nzima, lakini mkono... mkono unaning'inia."

Fundi aliuangusha wembe. Nyuma ya sauti ya shemeji yake alisikia mlio ambao hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Akatunga uzi kwenye sindano. Ukakosa tundu. Akalowesha ncha kwa mate, ukakosa tena. Ulipoingia, akaanza kurudishia, machozi yanamdondoka juu ya hariri, na hakuthubutu kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hakuwahi kushona mshono mzuri kama ule. Kila alipofunga mchomo mmoja, kelele kwenye simu zilipungua. Alipokata uzi kwa meno, kukawa kimya.

"Amelala," shemeji yake akanong'ona, simu ikakatika.

Sasa Fundi alijua alichokifanya. Alikuwa amemshonea ndani.

Kitabu kilikuwa pale pale kwenye kimeza chake, mbele ya gauni. Akakifungua penye ukurasa uliokunjwa. Fundi hakuwa msomaji wa mbele za watu. Sauti yake iliparuza, ikakwama, ikaendelea. Alisoma foleni. Alisoma lango. Alisoma yule mwanamke wa kwanza.

"'Nimechoka kusimama, ndugu yangu. Njoo unishikie nafasi.'"

Akaushika mkono wa gauni. Haukuwa mtupu tena. Akajibu bila kutazama kitabu.

"Nimekuja, mdogo wangu. Nenda kapumzike."

Akangoja baridi. Akangoja miguu ianze kuuma. Jua halikusogea sakafuni. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Niite," akasema. "Niite, mdogo wangu. Mimi nimezoea kusimama. Niite tu."

Kola ya juu ikatikisika. Vifungo vidogo vikagongana.

"Dada, nyamaza." Ilikuwa sauti ya Mwalimu, ya darasani, ya kumtuliza mwanafunzi. "Sikuiti."

Simu ilikuwa imekwisha kukatika zamani. Sauti ilikuwa imetoka mbele yake, juu kidogo ya kola, mahali palipotakiwa kuwa na mdomo.

Fundi alikaa chini sakafuni, akaegemea mguu wa chuma. Simu ilipolia tena hakuipokea. Alijua ni nani, na alijua anataka kusema nini.

Waliomwosha Mwalimu hawakupenda kusema mengi. Walisema mwili ulikuwa mwepesi. Wanaume waliobeba jeneza walitazamana, mmoja akauliza kwa kunong'ona kama wameshamweka. Shemeji yake alisikia. Akafanya kama hakusikia.

Baada ya mazishi Fundi alikwenda kwa mzee, akakuta mlango umefungwa na madirisha hayana mapazia. Majirani walisema amehama, na kwamba alipoondoka alionekana kijana. Maonyesho yakafungwa, kila familia ikaja kuchukua nguo zake. Gauni la majivu halikuwa na wa kulichukua. Fundi hakuweza kulipeleka nyumbani, na kulichoma moto hakuthubutu kufikiria, kwa kuwa ule mlio wa kwenye simu haukumtoka masikioni. Kitabu alikichukua, akakifukia mahali ambapo hajamwambia mtu, hata mumewe Mwalimu. Kisha akawaomba wa maktaba wamtengenezee gauni kabati la kioo, lenye kufuli, mtu asiliguse. Wakakubali. Walidhani ni kwa kumbukumbu ya marehemu.

Shemeji yake alikwenda kuliona mara moja tu. Alisimama mbele ya kioo, akaita jina ambalo sisi hatukumwita Mwalimu kwalo, la ndani kwao. Hakuna kilichojibu. Alipogeuka alimwuliza Fundi:

"Anaumwa huko?"

"Sijui, shemeji."

"Ataita mtu?"

"Huyu? Haiti."

Hilo ndilo linalomkondesha Fundi mpaka leo. Wengine wote waliita, wakapumzika. Mdogo wake ana moyo wake ule, na moyo ule ndio utakaomsimamisha hapo mpaka ukumbi uanguke. Fundi hujikuta akiomba mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba asiite, na kwamba aite, na hajui Mungu anasikiliza lipi.

Bado huenda. Hushona asubuhi, na mchana hufunga kibanda, huketi kwenye kiti mbele ya kioo, na kumwambia habari za mtaa. Nani kaolewa. Nani kanenepa. Utani wake umerudi, lakini husema yeye na hucheka yeye.

Mlinzi ndiye aliyemwonyesha. Alikuwa akifagia, akainama kuokota karatasi, akabaki ameinama. Alimwita Fundi kwa mkono.

Sakafu ya kabati lile ni ubao, na juu yake umesimama mguu mmoja wa chuma. Pembeni mwa chuma, chini ya pindo, ubao ulikuwa umebonyea mahali pawili. Nyayo. Visigino na vidole vyote vilionekana. Fundi akaomba ubao ubadilishwe, ukabadilishwa mbele ya macho yake. Mwezi haukuisha zikarudi.

Siku hizi ule wa kulia umezama zaidi kuliko wa kushoto, kama mtu aliye kwenye foleni anayepumzisha mguu mmoja.